Hita ya Mzee Oketch

Hita ilizima tena. Hulda alikuwa jikoni akikoroga uji aliposikia ule mlio mdogo, tk, halafu kimya. Hapo hapo sauti ya babake ikatoka chumbani.

"Hulda, chuma chako kimekufa."

Akaweka mwiko chini kwa kishindo. Si chuma changu, alitaka kusema, ni chuma cha mwanao Javan. Lakini mtu hamjibu hivyo mzee aliyepooza mkono wa kushoto, hata kama mzee mwenyewe ana ulimi wa wembe.

Mzee Oketch aliletwa Eldoret kutoka Siaya baada ya kupigwa na kiharusi, ili awe karibu na hospitali. Aliletwa mwezi wa Julai, wakati ambapo mtaa wa Munyaka, alikoishi Hulda, huamka umefunikwa na ukungu na maji ya bomba huuma vidole. Mtu aliyezoea joto la ziwa akawa anavaa makoti mawili kitandani na kulalamika tangu alfajiri. Javan, kitinda mimba wake, ambaye alikuwa na duka la vipuri mtaa wa Huruma, akanunua hita ya gesi, ile ya magurudumu yenye mtungi ndani, akaileta kwa mbwembwe na kuiwasha mbele ya majirani. Kisha akaenda zake. Kazi ya kuamka kuiwasha kila inapozima akamwachia dada yake.

Hulda alikuwa mwalimu wa hesabu, na hakupenda kushindwa na kitu kisichokuwa na akili. Alibadilisha mtungi. Akabadilisha regyuleta ya kichwani mwa mtungi. Akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi kuangalia kama unavuja, haukuvuja. Akachukua mswaki mkuukuu akasugua vumbi kwenye tundu la kale kamoto kadogo kanakowasha gesi. Hita iliwaka vizuri, chumba kikapata joto, mzee akaanza kusinzia, halafu tk.

Siku moja kwa hasira aliiburuta hadi sebuleni, akaiwasha akaketi akiikodolea macho kana kwamba hita hiyo ni mwizi aliyekamatwa. Ikawaka jioni yote bila kuzima. Akairudisha chumbani kwa mzee. Ikazima.

Akampigia Javan simu.

"Sebuleni inawaka, chumbani inazima," alisema. "Kuna kitu humo chumbani."

"Kitu gani? Mashetani?" Javan alicheka. "Dada, wewe unapenda tu kulalamika. Kitu nimenunua ni poa. Hujui kuitumia."

"Mimi ndiye sijui? Wewe umelala hapa siku gani ukamwashia Baba?"

"Sawa, nitakuja nitengeneze. Tulia."

Neno hilo, tulia, lilimchoma Hulda kama mwiba wa samaki. Tangu utotoni Javan alikuwa akivunja, yeye anaunganisha, na sifa zinaenda kwa Javan.

Jumamosi Hulda alikwenda sokoni. Javan akaja, na hakungoja mtu. Aliporudi Hulda alimkuta sebuleni amekunja miguu, anatazama mpira kwenye runinga.

"Imepona," alisema bila kugeuka. "Ile swichi inayozima gesi ndiyo ilikuwa na ujinga. Nimeikandamiza na kijiti nikafunga na waya. Sasa haizimi. Mzee amelala fofofo."

Hulda akaweka kikapu chini. Kitu fulani katika neno fofofo hakikumpendeza. Babake hakuwa mtu wa kulala mchana. Mchana alikuwa wa kugombana. Akaenda akafungua mlango wa chumba, na joto likampiga usoni, joto zito lisilo na hewa. Hita ilikuwa inawaka moto wa manjano. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, udenda umemtoka, midomo myekundu isivyo kawaida.

"Baba."

Mzee akafungua macho nusu. "Kichwa," alisema. "Kichwa changu, Hulda." Akatapika kwenye blanketi.

Hulda hakukumbuka baadaye jinsi alivyofunga gesi. Alikumbuka kukipiga kioo cha dirisha kwa kiti kwa sababu komeo lilikuwa limekwama, na kumwita Javan kwa jina ambalo hakuwa amewahi kumwita mtu. Wakambeba mzee hadi uani, mmoja kichwani mmoja miguuni. Mama Wanjohi wa nyumba ya pili akatoka mbio akaja na gari lake. Kwenye zahanati wakamwekea mzee hewa ya mtungi puani, na daktari akasema ni sumu ya moto uliokosa hewa, na kwamba wangechelewa kidogo tu, wangekuwa wanazungumza mambo mengine.

Walipokuwa wameketi kwenye benchi, Javan alijaribu kumshika bega.

"Usiniguse," Hulda alisema. "Ile mashine ilikuwa inazima kwa sababu hewa chumbani inaisha. Imetengenezwa hivyo. Ilikuwa inamwokoa Baba kila siku, na wewe ukaifunga mdomo."

"Sikujua."

"Nilikwambia kuna kitu chumbani. Nilikwambia. Ungeuliza tu, hewa inaingilia wapi?"

Javan akainamisha kichwa. Lakini swali lile likamrudia Hulda mwenyewe. Hewa ilikuwa inaingilia wapi? Aliporudi nyumbani kuchukua nguo safi za mzee, akapanda juu ya kiti kilichovunja dirisha. Matundu ya hewa juu ya dirisha yalikuwa yamezibwa moja baada ya jingine kwa soksi, vitambaa na karatasi za magazeti, zimesukumwa ndani barabara kwa ncha ya mkongojo wa mzee. Nyuma ya mlango kulikuwa na taulo lililokunjwa la kuziba upenyo wa chini.

Jioni kule zahanati, babake alipoweza kuketi, Hulda alisimama miguuni pa kitanda.

"Baba, ni wewe uliziba matundu?"

"Ni mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?" Mzee alikuwa amechoka, lakini sauti yake ilikuwa na makali yale yale. "Mlinitoa kwangu mkaniweka kwenye friji. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Mnanunua chuma, mnagombana juu ya chuma, mimi niko hapo nimelala kama gunia. Upepo ulikuwa unaingia shingoni. Nikaziba."

"Ungekufa, Baba."

"Ningekufa nikiwa na joto."

Hulda alitaka kupiga kelele. Alitaka kumwambia habari za usiku alioamka, za madarasa aliyoyafundisha akisinzia, na uji ambao mzee aliusukumia pembeni kwa sababu una sukari kidogo. Badala yake akalia, kilio cha hasira kisicho na aibu, mbele ya muuguzi na Javan.

Mzee akasema kwa Kijaluo, polepole, kwamba anataka kwenda nyumbani, na kwamba angesema hivyo zamani kama asingeogopa kuonekana asiye na shukrani.

Daktari alipomruhusu, hakurudi Munyaka. Javan ndiye aliyempeleka Siaya, na ndiye aliyebaki naye mwezi mzima akimpeleka kliniki ya huko, kwa sababu Hulda alimwambia wazi kwamba zamu yake imefika na duka lake linaweza kufungwa, kwani yeye alikuwa amefundisha akisinzia. Hakubisha.

Hulda aliweka kioo kipya dirishani. Hasira haikumtoka upesi. Siku nyingine alikuwa anasahihisha madaftari na kujikuta ameisimamisha kalamu, anajibizana na babake kichwani, na babake anamshinda. Lakini kila Jumapili alipiga simu, na mzee alikuwa anapokea mwenyewe, kwa mkono wa kulia.

"Kuna jua huko?" alimuuliza mara ya kwanza.

"Lipo," mzee alisema. "Njoo ulione. Na safari hii, niulize kwanza ninachotaka uniletee."