Laini ya Simu Ndani ya Kibuyu cha Mbegu

Uvumi ule Klara aliusikia kwenye foleni ya mashine ya kusaga pale Misigiri, na tangu siku hiyo ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Theodora, jirani yake, ndiye aliyeuleta. Alisema kuna binti wa kijiji cha pili alichaguliwa chuo, mtu akachungulia simu yake, akaiona namba ya siri, akaenda kusoma yeye. Sasa hivi mwizi ni nesi, na mwenye nafasi yake anapalilia vitunguu.

"Nesi wa wapi?" Klara akauliza.

"We unataka mpaka jina la wodi? Chunga simu yako!"

Na Klara alikuwa na cha kuchunga. Binti yake Aneth alikuwa amemaliza kidato cha sita, na miaka ile miwili ni kama waliisoma wote wawili. Aneth akija likizo na mzigo wa maswali ya kemia, mama ndiye aliyekosa raha. Alimnyang'anya ndoo, jembe na mwiko. Mbuzi waliolia karibu na dirisha walihamishwa. Jogoo aliyewika katikati ya mahesabu aliliwa siku hiyo hiyo.

Sasa Aneth alichaguliwa na vyuo viwili, ikabidi athibitishe kimoja. Namba ya kuthibitishia ingekuja kwa meseji kwenye simu ya mama yake, maana ndiyo aliyoandikisha. Asipothibitisha hadi Ijumaa jioni, nafasi angepewa mwingine.

Hilo neno "mwingine" lilimchoma Klara. Jumanne, Aneth alipotoka, akachomoa laini, akaifunga kwenye kitambaa, akaitumbukiza kwenye kibuyu cha mbegu za uwele, chini kabisa kwenye majivu. Mbegu humo hata mdudu hazioni, sembuse mwizi? Mchana ule mama mkwe wake, Bibi Leah, akaziba mdomo wa kibuyu kwa mavi ya ng'ombe, kama afanyavyo kila mwaka.

Kila jioni Aneth aliuliza, "Mama, meseji imeingia?"

Klara aliitazama simu kwa makini. "Haijaingia, mwanangu." Na hakusema uongo.

Ijumaa saa nane mchana Aneth alirudi kutoka kibanda cha intaneti, macho mekundu. "Wanasema imetumwa mara nne! Nipe hiyo simu." Akaibonyeza, akaigeuza, akaifungua. "Mama, laini iko wapi?"

"Iko salama. Kwenye majivu, ndani ya kibuyu. Namba zako zitaingia huko huko, hakuna wa kuziona."

"Zitaingilia wapi? Laini bila simu ni sikio lililokatwa!"

 Klara alidhani meseji huifuata laini popote ilipo, na simu ni ya kusomea tu.

Wakakimbilia ghalani. Bibi Leah alikuwa mlangoni anapeta mtama.

"Shikamoo, mama," Klara akapiga goti.

"Marahaba. Asubuhi umeniamkia. Shikamoo ya pili ina ombi nyuma yake. Sema."

Akasema yote, hata uvumi wa Theodora. Bibi akaweka ungo chini. "Kibuyu cha mbegu hakifunguliwi kabla ya mvua. Mwaka wa njaa tulikula mizizi, kibuyu tukakitazama tu."

"Mama, kuna chuo humo ndani."

"Kuna uwele humo ndani."

Aneth naye akapiga goti. "Bibi, jua likizama nimekosa."

Bibi alimtazama mjukuu, akamtazama mkwe, akaguna. "Sheria hii aliniachia mama mkwe wangu. Lakini hakuniambia nifanye nini nikipata mkwe wa namna hii." Akachukua mchi, akaupasua ule mfuniko mwenyewe. "Klara, utazichambua punje zote, moja moja, halafu utaziba upya. Theodora aje akusaidie."

Laini ikafutwa majivu, ikarudi kwenye simu. Wakasubiri. Ikaingia meseji ya bahati nasibu. Ikaingia ya mazoezi ya kwaya. Klara akafumba macho akisali. Kisha simu ikalia mara nne mfululizo, na Aneth akatimua mbio barabarani na simu mkononi, kiatu kimoja kikabaki ghalani.

Klara alichambua uwele, kila punje tano akichungulia njia. Saa kumi na moja Aneth akatokea, anatembea polepole, anacheka. "Imekubali, mama."

Klara akakaa chini palepale, akalia kwa sauti.

"Usilie juu ya mbegu," Bibi Leah akasema. "Zitaota."

Mzazi mwenye mtoto anayeomba chuo, epuka haya:

Usichomoe laini iliyoandikishwa, hata kwa saa moja.

Usiamini habari isiyo na jina la mtu wala la kijiji.

Usifanye jambo lolote la maombi ya chuo bila kumwambia mtoto.

Usione haya kuuliza usilolijua.

Usingoje siku ya mwisho.