Kipa Aliyezoea Kuhepa

Kendi alipokuwa darasa la sita kule Meru, hakuna aliyemweza kwenye mchezo wa kati. Wasichana wawili walisimama huku na huku wakimrushia mpira wa soksi, naye katikati akijipinda na kuruka usimguse, mpaka kengele ilie. Jioni mama yake alikagua sare, na asipoona alama hata moja ya mpira alicheka kwa fahari.

Nani angejua sifa hiyo ingemponza ukubwani kule Doha, Qatar, alikokwenda kutafuta kazi? Kazi yake ilikuwa kugawa viatu vya kutelezea kwenye uwanja wa barafu ulio ndani ya jengo la maduka. Miaka miwili alijifunza kuteleza asubuhi kabla wateja hawajaingia, akianguka mpaka barafu yenyewe ikamchoka. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya hoki ya barafuni ikatafuta kipa, mchezaji wake wa kwanza wa kulipwa. Kocha Emily akampa Kendi Ijumaa moja tu ya kujaribiwa. Aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote.

Basi kisahani cha kwanza, kile cha raba kinachopigwa kwa fimbo badala ya mpira, kikaja kwa kasi, kigumu kama kwato. Kendi akakihepa. Goli! Cha pili akakihepa kwa madaha zaidi. Emily akashika kichwa.

Jukwaani alikuwapo Jerusha, mwenzake wa chumba mtaani Muaither, aliyetoka ibada ya Ijumaa kanisani Mesaimeer pamoja na kwaya nzima, wote wamejifunika blanketi kwa baridi. Uzalendo ukamshinda.

"Wewe Kendi! Hii si kati! Wacha kuhepa, simama ugongwe!"

Kendi akacheka ndani ya kofia yake. Kumbe jicho alikuwa nalo tangu utotoni: bega la mrushaji husema mpira utapita wapi. Kilichobaki ni kwenda kulekule unakopita, badala ya kuukimbia. Bega likashuka, akajitupa, kisahani kikamgonga kifuani, pu! Kilimuuma, naye akafurahi kupita kiasi. Kwaya ikapiga vigelegele. Vikaja vingine kumi na tisa, hakikupita hata kimoja.

Alicheza misimu sita kwa mshahara, mpaka goti lilipogoma. Lakini anachopenda kusimulia ni wiki ile ya kutia saini, alipomtumia mama yake picha ya mikono iliyojaa alama. Simu ikalia papo hapo.

"Nani amekugonga hivyo?"

"Watu wa kila nchi, mama. Kila alama ni goli nililozuia."

Mama akaangua kicheko.

"Haya basi. Kuanzia leo usirudi nyumbani bila alama."