Chombo Kwanza

Gari la makao ya wazee lilikuwa lifike saa tano asubuhi. Chizuru alikuwa amebakiwa na saa moja tu, na alichokitaka kilikuwa kidogo: baba yake amwite kwa jina, hata mara moja, kabla hajachukuliwa.

Mzee Tokuji alikuwa amepuliza sho, ala ya mianzi ya Kijapani, kwenye hekalu moja la Nara kwa miaka arobaini na mitatu, na muziki huo wa makasri ya wafalme akamfundisha bintiye. Sasa kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Tangu mavuno ya mpunga alikuwa akimwita Chizuru "mgeni", tena kwa adabu zote, akimuuliza kama ameshakunywa chai. Afadhali angemfokea, maana adabu ile ilimuuma Chizuru kuliko tusi.

"Mpulizie," alisema mama yake, Bi Fusae, huku akichochea makaa kwenye jiko la kauri. "Masikio yake bado mazima. Jana kanisikia nikimsengenya kule jikoni."

Chizuru akaitoa sho kwenye kisanduku, mianzi kumi na saba iliyofungwa pamoja, akaipeleka mdomoni moja kwa moja. Kwa haraka yake akasahau jambo ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza halisahau. Sho haipulizwi ikiwa baridi. Pumzi hugeuka umande ndani yake, na vilimi vya shaba vinavyotoa sauti hulowa na kushikana. Hakumaliza hata mstari wa pili. Mwanzi mmoja ukawa bubu, mwingine ukakoroma.

Mzee akakunja uso. "Mgeni, samahani nikuulize. Nani kakufundisha?"

Chizuru akaishusha sho mapajani. "Baba yangu."

"Basi mvivu huyo. Msalimie, na umwambie nimesema."

Bi Fusae akacheka, kisha akajifuta macho kwa aproni. Chizuru hakuweza kucheka. Alijiona ameipoteza nafasi yake ya mwisho kwa uzembe.

Lakini mzee alikuwa ameshanyoosha mikono. Akaipokea sho, akajisogeza karibu na jiko, akaanza kuizungusha juu ya makaa polepole. Vidole vilivyokwisha kusahau kufunga vifungo vya shati havikukosea hata kidogo. Akaigusisha shavuni, akatikisa kichwa, akairudisha juu ya makaa. Mara ya tatu akaridhika, akailaza kwenye mkeka.

Kisha, bila kuinua macho, akaishika mikono ya Chizuru, akaiweka pale pale juu ya makaa, akaigeuza upande huu na upande ule. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimfanyia hekaluni, Chizuru akiwa na miaka saba, asubuhi za theluji.

"Chombo kwanza," akasema, "halafu Chizu."

Chizuru akalia waziwazi, wala hakujificha.

Honi ikalia nje. Mzee akashtuka, akamtazama usoni. "Mgeni, gari lako hilo?"

"Litasubiri," Chizuru akajibu. "Mikono yangu bado ina baridi."

Ilikuwa imeshapata moto. Mzee akaigusisha shavuni, akatikisa kichwa, akairudisha juu ya makaa.