Diski ya Arobaini na Saba

Orodha ilipomfikia Chitose Isogai ilikwisha pata mihuri mitano. Wa kwanza, wa mwenyekiti, ulisimama wima. Iliyofuata ililala ubavu kidogo, kila mmoja ukimwinamia mkubwa wake kama watu waliopanga foleni ya kusalimu. Kwa kawaida karatasi za kampuni ya Naedoko zilipanda kutoka chini kwenda juu. Jumatatu ile, kwa kuwa kampuni ilikuwa inafungwa na mwenyekiti mwenyewe yupo mezani, karatasi ilishuka. Chitose, mpekuzi wa makosa katika michezo ya video, ndiye aliyekuwa wa mwisho, na juu yake hapakuwa na jina hata moja ambalo angeweza kulipinga.

Akaisoma, maana mpekuzi hana dawa, hata risiti ya samaki huisoma mara mbili. Kushoto palikuwa na diski za kurudishwa kwa wenyewe. Kulia, diski za kusagwa. Macho yake yakateremka upande wa kulia yakagota kwenye mstari wa arobaini na saba: Karakana ya Nukaga, Toyama. Mchezo haukutoka. Isagwe.

Kweli mchezo haukutoka, lakini ulikuwa umekamilika. Mwezi wa Februari yeye mwenyewe aliufikisha mwisho na kuandika kwamba hauna kosa lililobaki. Miaka sita ya Bwana Nukaga ilikuwa ndani ya diski ile moja, kwa sababu sheria ya Naedoko ilikuwa hivyo: kazi ikiisha, karakana inarudisha mashine ya kuazima ikiwa imefutwa safi, na nakala mama inalala katika ghala la chini. Bwana Hirukawa, mkuu wa idara aliyeiandika orodha, alikuwa amechanganya michezo isiyotoka na isiyokwisha.

Akainua uso. Bwana Hirukawa alikuwa amekaa mkabala naye, macho mekundu. Nusu saa iliyopita alikuwa ameinama mbele ya wote, kipaji cha uso kikikaribia kugusa meza, akiomba radhi kwa kuanguka kwa kampuni ambayo wala hakuiangusha yeye. Muhuri wake ulikuwa pale, wino haujakauka. Kumwambia sasa, mbele ya mwenyekiti, kwamba amekosea? Ingekuwa kumvua nguo mtu aliyekwisha piga magoti.

Nitamwambia ukumbini, Chitose akawaza. Akachukua muhuri wake, akaupinda, akaubonyeza.

Ukumbini Bwana Hirukawa alimwahi. "Bi Isogai, ahsante. Miaka yote hii, karatasi ikipita kwako mimi nalala usingizi."

Chitose akaliacha lile neno, akainama. "Sisi ndio wa kushukuru, mkuu," akasema, na mkuu akaingia kwenye lifti.

Msidhani Naedoko ilikuwa kampuni ya mzaha kwa sababu ilihangaikia michezo. Kwa miaka kumi na miwili iliwabeba watu ambao hakuna aliyewataka: wawili wawili, watatu watatu, wanaotengeneza michezo ya video jikoni kwao, ghorofani juu ya kinyozi, kwenye banda la baba mkwe. Iliwaazima mashine, iliwapekulia makosa, iliwapigia magoti wakubwa wa Tokyo kwa niaba yao. Nayo ilikufa kama zinavyokufa kampuni za namna hiyo, kimya kimya, majirani wa jengo wakidhani imehama. Kilichobaki ni wiki moja na rafu za ghala.

Jumanne Bwana Hirukawa aliondoka kwenda kuzunguka karakana moja baada ya nyingine kuomba radhi. Siku hiyo Bwana Nukaga akapiga simu.

"Bi Isogai! Kuna watu wa Tokyo wanataka kuuona mchezo. Kuuona tu, lakini wametaka wenyewe! Alhamisi nakuja kuchukua diski, treni yangu inafika saa tisa. Nisipoipata hiyo diski, sina cha kuwaonyesha zaidi ya uso wangu huu."

"Karibu sana," Chitose alijibu, na alipoweka simu aliona kiganja chake kimeacha alama ya jasho.

Lori la wasagaji lilipangwa kuja Alhamisi saa nane. Masanduku yalikuwa yamekwisha fungwa kwa utepe wa wakili anayeifunga kampuni, na hakuna wa kuufungua ila kwa idhini ya Bwana Hirukawa. Jumatano asubuhi akampigia. Nyuma ya sauti ya mkuu alisikia mtu akilia, pengine mwenye karakana, pengine mke wake.

"Samahani kukusumbua, mkuu. Kuna jambo dogo kuhusu orodha."

"Dogo?"

"Dogo tu."

"Basi lingoje Ijumaa, tafadhali. Hapa hali si nzuri."

Akakata. Chitose alibaki na simu sikioni. Ulimi wake mwenyewe ndio ulioliita dogo! Ulimi uliofunzwa adabu tangu utotoni, usiojua kubisha hodi ila kwa kunong'ona. Akajiapiza kwamba kesho atashuka ghalani kabla ya lori, atakata utepe kwa mkono wake, na liwalo na liwe. Usingizi haukumjia. Kila alipofumba macho aliwaona wakuu wakimtazama.

Alhamisi saa saba na nusu alishuka na mkasi mfukoni. Akafungua mlango wa ghala, akawasha taa.

Rafu zilikuwa tupu. Sakafu imefagiliwa.

"Walikuja asubuhi," akasema Bi Otowa wa mapokezi, aliyeshuka nyuma yake kuzima taa. "Wastaarabu kweli. Wamesema wamewahi ili wasituharibie hafla ya kuagana."

Chitose akapanda mbio, akapiga simu kiwandani. Sauti ya mwanamume, yenye heshima ya kukera, ikamweleza kuwa kazi imekamilika tangu saa nne. Je, kulikuwa na kasoro yoyote?

"Hapana," akasema. Hata wakati huo alisema hapana!

Akakaa. Bi Otowa, aliyemfuata juu, akaelezwa kwa maneno machache, na kwa kuwa alikuwa mtu mzima aliyezika kampuni tatu, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Sikiliza, mdogo wangu. Funika kombe mwanaharamu apite. Mwambie bomba lilipasuka ghalani. Au sema kweli nusu: Hirukawa ndiye aliyeandika, muhuri wake upo. Wewe wa mwisho pale, nani atakuuliza?"

"Atauliza."

"Hatauliza. Atainama, atasema haidhuru, ataenda zake. Sote ndivyo tulivyo."

Hilo ndilo lililomtisha Chitose kuliko yote. Alijua Bi Otowa amesema kweli. Bwana Nukaga angeinama na kuondoka, na yeye angebaki amenyooka, salama, na jambo hilo tumboni kama mwiba wa samaki mpaka uzeeni. Aliogopa macho ya mtu yule, naam, aliyaogopa sana. Lakini sasa aliogopa zaidi kwamba hayatamwangukia kamwe.

Saa tisa na dakika ishirini Bwana Nukaga aliingia, mwembamba, koti limemzidi, kabeba kifurushi cha wali wa samaki wa kwao uliofungwa kwa majani ya mwanzi.

"Kwa ajili ya wote ofisini," akasema kwa furaha. "Ingawa naona wote wenyewe ni wewe!"

Chitose hakukipokea. Aliinama, akabaki chini.

"Diski yako imesagwa asubuhi ya leo."

Bwana Nukaga akacheka kidogo. Kisha akaacha. Akatafuta kiti kwa mkono, kama kipofu, akaketi, kifurushi mapajani.

"Ajali," akasema polepole. "Haidhuru. Ajali hutokea."

Na mlango wa kutorokea ulikuwa umefunguliwa hapo, mpana, na Chitose alikuwa na ruhusa ya kupita.

"Si ajali. Iliandikwa upande usio wake, na mimi niliona. Niliona nikapiga muhuri."

"Uliona lini?"

"Jumatatu. Saa nne asubuhi."

"Leo ni Alhamisi."

"Ndiyo."

"Jumanne tuliongea kwa simu."

"Ndiyo, Bwana Nukaga."

Hakuinama. Hakusema haidhuru tena. Uso wake ulibadilika rangi, akanyanyuka nusu, na Chitose akafumba macho akingoja kofi, au kelele, au chochote. Alipoyafumbua, mtu yule alikuwa amekaa tena, akitazama rafu ya vitabu isiyo na kitu.

"Mwenzangu wa karakana alichora tu," akasema, sauti imekwaruza. "Hajawahi kuucheza. Mke wangu hushikwa na kizunguzungu. Katika dunia hii umechezwa na mtu mmoja." Akamgeukia. "Ulifika mwisho mara ngapi?"

"Mara tisa."

"Ulikuwaje?"

Alifanya kazi ile miaka minane, na hakuna mtengenezaji aliyewahi kumwuliza hivyo. Waliuliza kama kuna mahali panapokwama. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, jibu jema lile la siku zote, kwamba ulikuwa mzuri sana na umemgusa moyo. Akayaona macho ya Bwana Nukaga yakilingoja na yakilichukia.

Akashika ukingo wa meza.

"Njia yote ya theluji ni nzuri," akasema. "Sijaona kama ile. Lakini mwisho... mwisho ni wa uongo. Yule mama wa mchezoni hakupaswa kurudi. Mara zote tisa niliukasirikia."

Nje, watu wa kampuni ya jirani walipita wakizungumza habari za chakula cha jioni, wakaishia kwenye lifti. Bwana Nukaga akakiweka kifurushi sakafuni, akapapasa mifuko ya koti lake, ndani na nje, mpaka akapata kipande cha penseli. Akavuta karatasi tupu mezani kwa Chitose, akaandika juu kabisa: Mwisho.

"Endelea," akasema.