Kikohozi cha Askari Njuki

Mwaka wa tatu wa Hali ya Hatari, kijiji chote kimezungushiwa handaki na miiba, hakuna mwanamume aliyependwa na wanawake kama homgadi Njuki, mgambo wa serikali ya mkoloni. Si kwa sura, maana pua yake ilikuwa kama kiazi kilichokanyagwa. Walimpendea kikohozi.

Kila alasiri wanawake waliruhusiwa saa mbili tu za shamba, na baadhi yao waliacha maharagwe na viazi migombani kwa ajili ya wapiganaji wa msituni. Homgadi wakija kuwavizia, kikohozi cha Njuki kilitangulia: kho! kho! kho! tangu ng'ambo ya mto. Doria ilipofika, iliwakuta wamama wanapalilia kwa utakatifu uliopita kiasi.

"Mungu humpa kila mtu kipawa," alisema Marcella, mmoja wa wanawake hao. "Huyu kapewa kifua kibovu."

Wote walicheka. Igoki alicheka pia, lakini kidogo. Kikapu kizito kuliko vyote kilikuwa chake, na Njuki alikuwa mumewe.

Kijijini kila mtu alikohoa, kwa vile nyumba zilibanana na moshi haukuwa na pa kwenda. Lakini wengine wakitoka nje, vifua vilitulia. Cha Njuki hakikujali moshi wala upepo. Kilianza wakati wa kupanda maharagwe, na sasa maharagwe yamevunwa na kuliwa. Asali na majani ya mkaratusi havikufua dafu. Sauti nayo ilikwaruza kama ya jogoo mzee. Asubuhi moja Igoki akaona uzi mwekundu kwenye makohozi.

"Ni tumbaku tu, mama Mwendwa," alisema Njuki. "Baba yangu alikohoa hivi hivi mpaka akafa."

"Ndiyo. Hapo mwisho ndipo panaponitia hofu."

Kwenda hospitali ya Embu kulihitaji pasi ya ruhusa, na hedimani Mbogo, mkuu wa kijiji na wa homgadi, alikataa. "Pasi ya kikohozi? Nikianza hivyo nitabaki hapa na mbuzi peke yao."

Marcella naye aliposikia mpango huo alimvuta Igoki kando. "Usimtibu sasa! Akinyamaza, tutakamatwa sote. Subiri mvua ipite."

"Na yeye akipita kabla ya mvua?"

"Kikohozi hakiui, dada. Bunduki ndiyo inaua."

Igoki hakuwa mtu wa maneno. Siku mbili alizunguka na jambo hilo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku ya tatu aliwaambia wenzake wasibebe chochote mpaka wapate njia nyingine. Marcella akamgeuzia mgongo. Igoki akaenda moja kwa moja kwa hedimani, mbele ya kikosi kizima, macho yake yakiwa chini.

"Mzee, mume wangu anawaharibia kazi. Hata kondoo wanamsikia kabla hamjavuka mto. Ndiyo maana hamkamati mtu."

Wanaume wakakodolea macho vidole vya miguu yao.

"Wewe umejuaje?" Mbogo alinguruma.

"Mimi ni mkewe. Namsikia nikiwa kisimani."

Mbogo akakumbuka mavizio sita ya bure na matusi ya mzungu aliyekuwa bosi wake. Aliandika pasi kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka. "Mpelekeni! Na asirudi na hicho kikohozi!"

Huko Embu daktari alimpiga picha ya kifua, kisha akamteremshia kooni bomba lenye taa, akachukua kipande cha nyama kupima. Baada ya majuma mawili akawaita. Kwenye njia ya pumzi kulikuwa na uvimbe. Kansa.

"Wengi huniletea kikohozi wakiwa wamebaki mifupa," alisema. "Huu bado mdogo. Atakatwa Nairobi. Siahidi kitu, lakini nafasi ipo."

Walikaa kwenye benchi nje.

"Umeniaibisha mbele ya wanaume," alisema Njuki.

"Nimekuaibisha."

"Kikosi kizima!"

"Na mbwa wao."

Alitaka kukasirika, akashikwa na kikohozi. Kilipokwisha, sauti ilikuwa imepungua. "Wakishanikata, nitabaki na nini?"

"Na mdomo, kwa bahati mbaya."

Njuki akamshika mkono, mchana kweupe, mbele za watu. Mwanamume wa kwao hafanyi hivyo. Igoki aliona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini hakuuondoa wake.

"Njuki ni nani?" muuguzi aliita kutoka mlangoni. "Lori la Nairobi limefika."

Kwa mara ya kwanza tangu waoane, Njuki alisimama bila kubisha.