Gauni Jekundu la Mama

Uazuva aliwasili mjini Okahandja Jumapili ile ya Agosti ambayo watu wa kabila lake huzuru makaburi ya mababu kila mwaka, akiwa amekumbatia gauni jekundu la mama yake. Alikuwa amesafiri siku mbili kutoka Maun, ng'ambo ya mpaka, na foleni ya kuelekea makaburini ilikuwa ndefu.

"Dada, inamisha kichwa, pembe za kilemba chako zitanitoboa jicho!" mwanamke aliyekuwa nyuma yake alimtania, maana vilemba vyao vilikuwa na ncha mbili kama pembe za ng'ombe.

"Nawe usinisukume kama ng'ombe aliyeona maji," alijibu Uazuva, wakacheka wote wawili.

Zamu yake ilipofika, mzee Tjiharuka, aliyekuwa akiwapulizia wageni maji kwa kinywa chake ili mababu wawatambue, aliuliza, "Unamleta nani?"

"Mama yangu, mzee. Babu zake walikimbia vita kutoka hapa. Kila Agosti aliniomba nimlete atambulishwe, nami nikamwambia angoje mwakani. Alifariki mwezi wa Mei." Akanyoosha mikono yenye gauni. "Lipulizie hili, tafadhali."

Mzee alilitazama gauni, kisha akaishusha bilauri yake ya maji. "Mwanangu, maji haya ni ya uso wa mtu aliye hai. Nguo siwezi."

"Hata tone moja?"

"Hata tone. Piga magoti wewe."

Uazuva akapiga magoti. Maji ya baridi yakampata usoni, naye akasikia jina lake, lake peke yake, likitajwa mbele ya mababu. Mama yake alikuwa ameyangojea maji hayo kwa miaka kumi na tisa.