Mwalimu wa Kwenye Orodha

Chaki ilimkatikia Fidélie mkononi aliposikia prefe, mkuu wa shule, akicheka koridoni. Prefe Ruphin hacheki ovyo. Akicheka vile, ujue ana mkubwa pembeni yake.

Miaka kumi na tisa Fidélie alikuwa amefundisha hesabu katika shule hii ya serikali huku mtaani Panda, na diploma yake ya sekondari haikumkera mtu. Kisha mwezi wa tisa likaja agizo: hesabu, Kifaransa na sayansi vifundishwe na wenye shahada tu. Agizo zuri, nani alipinge? Ila shahada iliyoletwa ilikuwa ya Divin, mpwa wa mkubwa fulani, ambaye alikuja siku moja, akatia sahihi, akarudi Kamatanda kwenye biashara yake ya mawe ya shaba. Hajaonekana tena.

Siku ile ya sahihi Ruphin alimwita Fidélie ofisini.

"Madame, miye siko na mubaya na weye. Ni mukanda ya serikali njo inasema. Kwa liste tutakuweka ouvrière, wa kupiga fagio. Lakini kwa classe utaendelea."

"Kwa jina ya nani?"

"Ya Divin. Ukikatala, jina yako inatoka kabisa. Na batoto ba sixième, ba mutihani ya taifa, nani atabafundisha?"

Alijua pa kumshika, yule. Fidélie alikubali, na aibu ya kukubali haijamtoka mpaka leo. Wanafunzi nao wakafundishwa jibu moja: mwalimu wetu ni Monsieur Divin. Wakalishika kuliko hesabu zenyewe.

Sasa mlango ulifunguliwa. Inspekta wa shule aliingia na jalada kwapani, Ruphin nyuma yake, wanafunzi wakasimama. Ubaoni palikuwa na hesabu ndefu ya mtihani wa taifa, imefika nusu.

"Professeur iko wapi?" inspekta aliuliza.

"Ametoka sasa hivi, anatafuta chaki," Ruphin alijibu.

"Na huyu mama?"

"Ouvrière wetu. Iko kwa liste."

Inspekta alipekua karatasi zake, akalikuta jina, akaridhika. Karatasi hazikupishana na maneno ya Ruphin hata nukta, na hilo ndilo lililomuuma Fidélie. Alifungua mdomo. Ruphin alimtazama tu. Akakificha kipande cha chaki kiganjani.

"Mwalimu yenu ya hesabu ni nani?"

"Monsieur Divin!" Darasa zima kwa sauti moja, macho sakafuni.

"Très bien. Mama, panguza tableau, nibape interrogation kidogo ya kuandika."

Fidélie alichukua kitambaa. Alianza kufuta mistari ya juu.

Jaël, msichana wa dawati la mbele, alikuwa bado ananakili mbio mbio.

"Madame, ungoje!" alipaza sauti. "Ile ya mwisho hauyatuonyesha vile inatokea!"

Inspekta aliinua kichwa. Alimtazama mtoto, akamtazama Fidélie, na vumbi jeupe lililompanda mpaka kiwikoni, akautazama ubao. Alielewa. Mtu mzima yule, naye aliwahi kufundisha. Kisha akaiinamia fomu yake, na Fidélie, aliyesimama karibu, akasoma kalamu ilichokuwa ikiandika: Divin, shahada ya hesabu, yupo kazini.

"Panguza, mama," inspekta alisema, bila kuinua macho. "Mpaka chini."